Maksai Wawili na Saa Nane Mchana

Barua ilifika Ijumaa asubuhi, Belmira Toste akiwa amemkaba ndama shingoni kwa mkono mmoja na mwingine umeshika chupa ya maziwa. Simu ikatetema mfukoni mwa aproni. Siku nyingine angeiacha itetemeke mpaka ichoke, lakini tangu Aprili, chuo kikuu cha jimbo kilipomwandikia kwamba kimemkubali, alikuwa haachi ujumbe ukae hata dakika moja. Ndama akaachwa ananyonya hewa, na Belmira akafungua barua kwa kidole kilicholowa mate ya ng'ombe.

Barua ilianza kwa kumpongeza. Hapo ndipo alipopaswa kushtuka, maana ofisi haina desturi ya kumpongeza mtu mara mbili kwa jambo moja. Mstari wa pili ukasema kwamba katika kuhakiki matokeo yake wamegundua hakumaliza kemia ya kaboni, somo ambalo kila anayehamia mwaka wa tatu wa sayansi ya mifugo lazima awe amelimaliza. Kama hataonyesha, kufikia Jumatatu adhuhuri, ni kwa njia gani atalimaliza kabla ya katikati ya Agosti, nafasi yake itafutwa.

Hakumaliza? Alikuwa amelisoma somo hilo mwaka mzima, akapata A mwanzo na A mwisho, na daftari zake zilikuwa bado zinanuka zizi kwa sababu alikuwa akizisomea kwenye ngazi za banda la kukamulia. Alisoma barua tena kuanzia juu, polepole, kama mtu anayetafuta jina la mwingine. Jina lilikuwa lake.

Belmira alikuwa na miaka ishirini na mitano, na alikuwa amekaa miaka minne na nusu katika chuo cha jamii cha Alder Creek, ambacho watu hutakiwa kukaa miwili. Chuo cha jamii hakimkatai mtu. Chuo kikuu humkataa kila mtu kwanza, halafu ndiyo hufikiria. Kilichomchelewesha si akili. Ni ng'ombe. Kwa Eliseu Toste, baba yake, ng'ombe mia na themanini hukamuliwa saa nane usiku na saa nane mchana, kila siku ya Mungu, Krismasi imo. Zamu ya usiku ilikuwa na kibarua. Zamu ya mchana ilikuwa ya Eliseu na bintiye, na kila somo zuri pale Alder Creek, kwa sababu wanazojua wapanga ratiba peke yao, lilianguka mchana.

Kipande cha kwanza cha kemia alikipata asubuhi. Cha pili kilikuwa saa nane, saa ileile. Akaenda kwa mshauri wa wanafunzi, Bi Halvorsen, mama mmoja mwenye bakuli la peremende mezani, akamwuliza kama anaweza kumalizia jioni katika chuo cha jirani, Los Alisos, mwendo wa maili arobaini. Bi Halvorsen alimsogezea bakuli. "Kemia ni kemia, binti," alisema. "Nenda kamalizie."

Belmira akaenda akamalizia, majira mawili ya jioni, akila mkate kwenye usukani.

Sasa, Ijumaa hii, alivua gambuti, akaosha mikono mpaka kwenye viwiko, akaendesha moja kwa moja hadi ofisi ya Bi Halvorsen. Alisubiri saa nzima nyuma ya vijana waliomaliza sekondari juzi, wanaocheka ovyo kwa sababu bado hawajapokea barua yoyote. Alipoingia, bakuli lilikuwa palepale.

"Aa," alisema Bi Halvorsen, akisogeza uso kwenye kompyuta. "Aa, naona."

"Unaona nini?"

"Sisi hapa tunakata kemia vipande viwili. Los Alisos wanakata vitatu. Wewe umekula kimoja cha kwetu, halafu viwili vya mwisho vya kwao."

"Na nikashiba."

"Chuo kikuu kinapokea mkate wetu mzima, au mkate wao mzima. Nusu huku na nusu kule hawapokei. Wanasema vipande havilingani, pengine pana pengo katikati."

"Ulikuwa unalijua hilo uliponiambia kemia ni kemia?"

Bi Halvorsen alikunja midomo. "Mimi hushauri tu, Belmira. Uamuzi ulikuwa wako. Labda Los Alisos wanaweza kukuandikia barua."

Damu ilimchemka, lakini alikuwa amelelewa kutowapigia kelele watu wazima, hasa wenye peremende. Akaendesha maili arobaini. Los Alisos walimwambia barua hawaandiki, aongee na chuo kikuu. Chuo kikuu, kwenye simu, kikamwekea muziki wa piano kwa dakika arobaini na saba, kisha sauti ikamwambia aongee na mshauri wa chuo chake. Walimpiga danadana hivyo mpaka jua la adhuhuri likapita kichwani, na bado alikuwa ameketi ndani ya gari kwenye maegesho, madirisha yamefunguliwa, anapiga namba ileile kwa mara ya nne.

Mara ya nne akapokea kijana aliyesema jina lake ni Tobias, na alikuwa na sauti ya mtu aliyelala vizuri.

"Nakuelewa kabisa," alisema Tobias baada ya kusikiliza yote.

"Usinielewe, nisaidie. Sikiliza. Sisi tunakamua maziwa. Lori linakuja kwetu, linajaza nusu, linakwenda kwa jirani yetu Avelino, linajaza nusu nyingine. Kiwandani hakuna anayeuliza hii nusu ya nani. Ni maziwa."

Tobias alicheka, si kwa dharau. "Ningependa tungekuwa lori. Lakini hatuko hivyo. Ngoja kidogo." Ikasikika anabonyeza vitu. "Alder Creek wana kipande cha pili kiangazi hiki. Wiki sita. Kinaanza Jumatatu. Viti vimebaki vitatu. Jiandikishe, nitumie uthibitisho kabla ya Jumatatu adhuhuri, nami nitaandika kwenye faili lako kwamba nafasi isubiri. Ukipata hata C, umeingia."

"Nikisome tena? Kile nilichopata A?"

"Ndiyo. Pole sana."

"Ni saa ngapi?"

"Jumatatu mpaka Alhamisi, saa saba mchana hadi saa kumi na moja."

Belmira alimshukuru, akakata simu, akafungua ukurasa wa kujiandikisha. Kilikuwa kitufe kimoja tu, cha kijani. Alikitazama mpaka skrini ikazima yenyewe, kisha akawasha gari, kwa sababu ilikuwa imebaki saa moja tu ifike saa nane.

Kulikuwa na jambo jingine, nalo lilikuwa na kwato. Mwezi Machi, kabla majibu hayajatoka, Eliseu alikuwa amesimama mbele ya taji la Roho Mtakatifu kanisani, kofia mkononi, akaweka ahadi ya kwao, ya visiwa vya Wareno walikotoka babu zake: bintiye akiingia chuo kikuu, atatoa maksai wawili wanono kwa ajili ya karamu ya Roho Mtakatifu ya kila Juni, watu wote wale bure. Majibu ya Aprili yalipokuja, alichagua maksai siku hiyohiyo. Wahenga walisema usikate kanzu na mtoto hajazaliwa, lakini Eliseu hakuwa mtu wa kungoja mtoto akishaisikia sauti ya mkunga.

Jumamosi mchana, ng'ombe walipopangwa pande mbili na mashine zikaanza kunguruma, Belmira alivuta pumzi.

"Baba, kuna kitu nataka kukwambia kuhusu chuo."

"Nami nina kitu," alisema Eliseu kutoka upande wa pili, akifuta viwele kwa kasi ya miaka arobaini. "Maksai wamekatwa vipandevipande leo asubuhi. Mama yako yuko ukumbini tangu alfajiri na wenzake, sufuria kumi na nne. Rais wa karamu ananiambia mwaka huu nyama ni nyingi kuliko mwaka wa Avelino. Ulisikia? Kuliko Avelino."

"Nimesikia."

"Avelino alitoa ili goti lake lipone. Goti." Alicheka peke yake. "Sasa wewe sema."

Belmira alifungua mdomo, akaona jinsi baba alivyonyoosha mgongo akimngoja, akaufunga. Akainama kwa ng'ombe nambari 418 na kumkamulia kwenye ndoo pembeni.

"Huyo mbona unamtenga?" Eliseu aliuliza.

"Ana dawa ya kiwele, baba. Hunisikii nikisema? Maziwa yake yakiingia kwenye tangi, lori litakataa tangi zima. Ndiyo maana namfunga utepe mwekundu mguuni."

"Aa. Mambo hayo unayajua wewe."

Naam, aliyajua yeye. Alijua yupi ana dawa, yupi anapiga teke akiguswa kushoto, yupi lazima aingie wa mwisho. Hakuna aliyewahi kumpa cheti cha hayo.

Jumapili, baada ya misa na maandamano, msichana aliyeteuliwa kuwa malkia wa karamu mwaka huo alipokwisha kuburuta joho lake la mahameli kwenye lami yenye joto, watu mia tano waliingia ukumbini. Meza ndefu, karatasi nyeupe, mabakuli ya mkate uliomwagiwa mchuzi wa nyama na majani ya mnanaa. Rais wa karamu alichukua kipaza sauti, akakigonga mara tatu kama kawaida yake ya kila mwaka, ingawa kilikuwa kimewaka.

"Nyama mnayokula leo," alisema, "ni ahadi ya Eliseu Toste, kwa sababu binti yake Belmira ameingia chuo kikuu cha jimbo. Belmira, simama tukuone."

Alisimama. Watu mia tano wakampigia makofi, vijiko mkononi, midomo imejaa nafasi yake ya chuo. Mfukoni simu ilikuwa na barua, na kitufe cha kijani ambacho hakijabonyezwa. Alitabasamu mpaka mashavu yakauma, akaketi.

Mama yake wa ubatizo, Leocádia, mwanamke mnene mwenye mwiko mkubwa kuliko mkono wake, alimjia na bakuli lililofurika.

"Kula, msomi. Usituletee mapozi ya chuo kikuu sasa hivi, bado hata hujaondoka."

"Nitakula, madrinha."

"Utakula lini? Mchuzi umeganda. Au siku hizi unakula vitabu?" Akamwinamia, akapunguza sauti. "Una nini? Uso umekuwa kama wa ng'ombe aliyeona mganga wa mifugo."

Belmira alichukua bakuli, akalipeleka jikoni bila kuonja, akafunga aproni, akaanza kuosha sufuria nje nyuma ya ukumbi, pale penye bomba na kivuli chembamba. Alisugua ya kwanza kwa nguvu mpaka ikalia. Alikuwa na hasira na Bi Halvorsen, na Los Alisos, na muziki wa piano, na Tobias kwa kulala vizuri. Alipofika sufuria ya tatu akagundua kwamba hao wote hasira yake ilikuwa inawapita tu njiani.

Eliseu alitoka na tai imelegezwa. "Watu wanakuulizia ndani. Mgeni wa heshima anaosha vyombo?"

"Sijaingia, baba."

"Hujaingia wapi?"

"Chuo kikuu. Wanaweza kunifuta kesho mchana." Akamweleza yote, bila kuacha kusugua: vipande viwili, vipande vitatu, mkate mzima. Eliseu alisikiliza huku uso ukizidi kuwa mwekundu.

"Huyo mwanamke wa peremende nitamfuata mimi mwenyewe," alisema. "Nitamwambia—"

"Alikosea, ndiyo. Lakini kwa nini nilikwenda Los Alisos? Niulize."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu kipande cha pili pale Alder Creek kilikuwa saa nane mchana."

Eliseu aliilegeza tai zaidi.

"Nilikuomba," alisema Belmira. "Mwaka juzi, Agosti, ulikuwa chini ya trekta. Nikakwambia nahitaji mchana wa siku mbili kwa wiki. Ukasema ng'ombe hawasomi ratiba ya chuo."

"Ulikuwa mzaha ule."

"Niliendesha maili arobaini kila jioni kwa ajili ya mzaha ule. Kwenda, na arobaini kurudi."

"Ungesema tena."

"Wewe ulimtolea Roho Mtakatifu maksai wawili, na hakuwa amekuomba kitu. Mimi nilikuomba mchana wa siku mbili." Sauti yake ilipasuka, na akaiacha ipasuke. "Nimechoka, baba. Nimechoka kupongezwa na watu wasiotaka kunipisha."

Kutoka ndani bendi ilianza kupiga, na mtu akaita jina la Eliseu mara mbili. Hakugeuka. Alivua kofia, akaitazama ndani kana kwamba jibu lilikuwa limeshonwa kwenye bitana.

"Hilo darasa la kiangazi ni saa ngapi?"

"Saa saba."

"Mpaka?"

"Saa kumi na moja. Jumatatu mpaka Alhamisi. Wiki sita."

"Wiki sita," alisema Eliseu. Alihesabu kitu kichwani, na hakikumpendeza. "Roho Mtakatifu angetaka maksai watatu ingekuwa rahisi zaidi."

Akavaa kofia, akarudi ndani. Hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Belmira alibaki na sufuria kumi na moja na bomba linalotiririka. Alifuta dole gumba kwenye aproni, akatoa simu, akafungua ukurasa. Kilikuwa kimebaki kiti kimoja. Akabonyeza.

Jumatatu asubuhi alimtumia Tobias uthibitisho, naye akajibu kwa maneno matatu kwamba nafasi itasubiri. Nyumbani hakuna aliyelitaja jambo hilo. Eliseu alikunywa kahawa akiwa amesimama, akasema mvua haitanyesha, jambo ambalo katika bonde lile mwezi wa Juni hata kuku wanalijua. Mama yake aliendelea kulisha ndama. Saa sita na nusu Belmira alitundika aproni yake kwenye msumari wa banda, mahali pa kuonekana, akaondoka.

Darasa lilikuwa na baridi ya mashine. Mwalimu aliwaambia wazime milio ya simu, kisha akachora ubaoni pete ya kaboni sita, akaanza kueleza kwa nini haivunjiki kirahisi. Belmira aliijua pete hiyo kama anavyojua mlango wa kwao. Alikuwa ameieleza kwenye mtihani kwa kurasa mbili. Kijana wa kiti cha pembeni alimnong'oneza, "Umeelewa?" na ilibidi auume ulimi asimrushie daftari.

Saa nane na dakika kumi simu ilitetema ndani ya mkoba. Ikanyamaza. Ikatetema tena. Alijua bila kutazama. Ng'ombe walikuwa wamepangwa pande mbili, na baba amesimama katikati peke yake, pengine ameusahau utepe, hajui yupi ana dawa. Akikosea mmoja, maziwa ya siku nzima yatamwagwa mferejini. Miguu yake chini ya meza ilikuwa imekwisha kugeukia mlango. Simu ikatetema mara ya tatu, kwa muda mrefu, na Belmira akaushika ukingo wa meza kwa mikono miwili, macho kwenye ile pete, mpaka ikakoma.

Wakati wa mapumziko alitoka hadi kwenye ukumbi wa nje, akatoa simu. Simu tatu alizokosa, zote za baba yake. Chini yake palikuwa na ujumbe, na Eliseu Toste hakuwa mtu wa ujumbe. Alikuwa ameuandika kwa vidole vya mkamuaji, bila salamu na bila nukta.

"Nimeuona utepe maziwa yake nimemwaga usipige simu soma"

Aliusoma mara mbili. Hasira haikumwisha, ya miaka minne na nusu haiishi kwa ujumbe mmoja. Akaizima simu, akarudi ndani kusoma upya kitu alichokuwa anakijua.